Bahari imepungua samaki, mbona mvuvi haiachi?

MGENI kutoka bara anapofika Msambweni, Gazi ama Kilifi wakati wa likizo, huenda akasimama ufuoni na kuwatazama wavuvi wakirejea. Mtumbwi unavutwa mchangani, watu wanakusanyika, na kinachotolewa ndani yake ni tafi kumi hivi, pono wawili na pweza mmoja. Watu wanne wameshinda juani tangu alfajiri kwa ajili ya samaki hao.

Hapo ndipo mgeni hujiuliza swali ambalo watu wengi wa mjini wamewahi kujiuliza: Kama bahari imepungua samaki kiasi hiki, mbona watu hawa hawaachi uvuvi wakatafuta kazi nyingine?

Wako wanaojibu upesi. Wengine husema ni uvivu, wengine husema ni mazoea ya mababu, na wengine hudai kwamba mtu wa Pwani haangalii mbele. Mpenzi msomaji, majibu hayo yote matatu hayana msingi. Ukikaa na kalamu na karatasi ukapiga hesabu ya mvuvi kama anavyoipiga yeye kichwani, utaona kwamba uamuzi wake una akili nyingi. Utaona pia kwamba anayebaki baharini samaki wanapokwisha, mara nyingi ndiye aliyepungukiwa kuliko wenzake.

Hesabu ya vitabuni

Swali hili halikuanza leo. Mwaka wa 1954 mwanauchumi wa Canada, H. Scott Gordon, aliandika makala ambayo wanafunzi wa uchumi wa uvuvi wangali wanafundishwa. Alieleza kwamba shamba lina mwenyewe, lakini samaki aliye baharini hana mwenyewe mpaka anaswe. Kwa sababu hiyo, maadamu kuna faida, watu wataendelea kuingia mmoja baada ya mwingine mpaka faida yenyewe imalizwe na wingi wao.

Kwa hesabu hiyo, faida ikiisha watu wangetarajiwa kuanza kutoka. Mvuvi anayepata kidogo kuliko kibarua wa shambani angeshika jembe, samaki wangepata nafasi ya kuzaana, na mambo yangejirekebisha yenyewe.

Katika Pwani ya Kenya mambo hayakwenda hivyo. Wavuvi wadogo wadogo kutoka Vanga hadi Kiunga wanapita elfu kumi, na wengi wao huvua ndani ya mwamba, mahali ambapo mtumbwi wa kasia au wa tanga unaweza kufika na kurudi siku hiyo hiyo. Eneo hilo ni jembamba na limevuliwa kwa vizazi. Kisha mwaka wa 1998, joto la bahari lililoandamana na El Nino liliua sehemu kubwa ya matumbawe, ambayo ndiyo makao ya samaki hao. Samaki walipungua, lakini wavuvi hawakupungua kwa kiasi hicho.

Fungu moja katika sita

Hebu sasa tupige hesabu. Nambari zifuatazo ni za mfano tu, kwani bei na mgao hutofautiana kutoka bandari hadi bandari na kutoka msimu hadi msimu. Lakini utaratibu wenyewe ndio huo.

Tuseme chombo kina watu wanne na kimeleta kilo 12, zikauzwa kwa Sh250 kila kilo. Hizo ni Sh3,000. Kabla ya mtu yeyote kupewa chochote, gharama za safari hutolewa kwanza: chambo, barafu, maji na chakula, na mafuta kwa wale walio na mashine. Tuseme ni Sh400. Zinabaki Sh2,600.

Fedha hizo hugawanywa kwa mafungu. Chombo kina fungu lake, nyavu zina fungu lao, na kila mtu ana fungu lake. Kwa chombo hiki ni mafungu sita, kila moja kama Sh433. Mwenye chombo na nyavu hupata mafungu mawili hata kama siku hiyo amelala nyumbani. Baharia hupata moja, pamoja na kitoweo, yaani samaki wachache wa kupeleka nyumbani ambao hawawekwi kwenye mizani.

Sasa tuseme samaki wamepungua kwa nusu. Chombo kimeleta kilo sita, ambazo ni Sh1,500. Chambo na barafu havijui kwamba samaki wamepungua, kwa hivyo gharama ni zile zile Sh400. Zinabaki Sh1,100, na kila fungu ni Sh183. Samaki wamepungua kwa nusu, lakini mfuko wa baharia umepungua kwa zaidi ya nusu.

Msomaji wa mjini atasema kwamba hapo ndipo pa kuacha. Kibarua cha shamba ama cha ujenzi, tuseme, kinalipa Sh400 kwa siku. Lakini je, kibarua hicho kipo siku ngapi kwa wiki? Na mwenye kazi atalipa leo jioni ama mwisho wa mwezi?

Bahari hulipa siku ile ile, kabla ya duka kufungwa. Isitoshe, hata siku mbaya huwa ina kitoweo. Nyumba ambayo unga wa leo hununuliwa leo haiwezi kungojea mwisho wa mwezi, hata kama mwisho huo una fedha nyingi zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo haliandikiki kwenye karatasi. Siku moja katika mwezi, chombo kinaweza kukutana na kundi la kolekole ama jodari na kikarejea kimejaa. Siku hiyo moja hulipa madeni ya wiki tatu. Anayefikiria kuacha leo huogopa kwamba siku hiyo ni kesho.

Tajiri asiyetoza riba

Nyavu huchanika, mtumbwi huoza, na mashine huharibika. Benki haina haja na mtu asiye na hati ya shamba wala karatasi ya mshahara. Hapo ndipo anapoingia tajiri.

Ufuoni, tajiri ni mnunuzi wa samaki mwenye gari, friza na fedha taslimu. Yeye ndiye hununua nyavu ama mashine na kumkabidhi mvuvi. Mtoto akiugua usiku wa manane, mlango unaogongwa ni wake.

Tajiri hatozi riba, na katika jamii ya Kiislamu riba ni haramu. Sharti lake ni moja tu: samaki wote waletwe kwake, kwa bei yake.

Turudi kwenye mfano wetu. Badala ya Sh250 kwa kilo, tajiri analipa Sh200. Kilo 12 zinaleta Sh2,400. Ukiondoa gharama zinabaki Sh2,000, na fungu linakuwa Sh333. Kila baharia amepoteza Sh100 siku hiyo, ingawa deni lenyewe huenda si lake bali ni la mwenye chombo. Na baada ya kupoteza Sh100 hizo, deni lingali pale pale.

Haingekuwa haki kumchora tajiri kama mnyang'anyi. Yeye hukopesha pale ambapo hakuna mwingine anayekopesha, na chombo kikizama hasara ni yake pia. Walakini, kwa swali letu la leo, jambo la maana ni hili: mtu mwenye deni la tajiri hawezi kuamka asubuhi akatangaza kwamba ameacha uvuvi. Akiacha, atalipa kwa nini? Hivyo hurudi baharini kulipa deni alilochukua ili aende baharini.

Kusi na kaskazi

Mfanyakazi wa ofisini akikatwa mshahara hujua siku hiyo hiyo. Mvuvi hana karatasi ya kumwambia kwamba mshahara wake umekatwa, kwa sababu kazi yake imekuwa ya kupanda na kushuka tangu mwanzo.

Kaskazi inapovuma, kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi hivi, bahari hutulia na vyombo huweza kutoka nje ya mwamba. Ndio wakati ambapo hata wavuvi wa Pemba huvuka na kuja kupiga kambi Pwani ya Kenya, safari ambazo wenyewe huziita dago. Kusi inapovuma, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, bahari huchafuka, na mitumbwi midogo hubaki ndani ya mwamba ama huvutwa nchi kavu kabisa. Hata ndani ya mwezi mmoja, maji ya bamvua na maji mafu hayana mavuno sawa.

Kwa hivyo miezi mibaya ipo kila mwaka. Mvuvi atajuaje kwamba safari hii si kusi tu, bali ni bahari yenyewe inayokwisha?

Kabla ya kufikiria kuacha, anazo hatua nyingi za kuchukua. Anaweza kukaa baharini saa nyingi zaidi. Anaweza kwenda mbali zaidi, ama kwenda dago ugenini na kuiacha familia kwa miezi. Anaweza kuacha malema na mshipi akashika nyavu, ama akachukua nyavu za matundu madogo zaidi ili samaki wadogo nao wasipenye.

Kila hatua ina sababu yake, na kwa mtu mmoja ina faida ya leo. Ubaya ni kwamba baadhi ya hatua hizo, hasa nyavu za matundu madogo, hula samaki wa mwaka ujao.

Usiache mbachao

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mvuvi wa Pwani ameiona misala mingi ikipita.

Katika Kwale, kiwanda cha sukari cha Ramisi kilikuwa tegemeo la maelfu ya watu, lakini kilianguka katika miaka ya 1980 na mashamba yake yakabaki kichaka kwa miaka mingi. Kilifi kulikuwa na kiwanda cha korosho, nacho kikafungwa katika miaka ya 1990.

Hoteli za kitalii ndizo zilizoonekana kuwa mkombozi. Lakini mwaka wa 1997 kulizuka ghasia za Likoni na watalii wakakimbia. Walirejea, wakakimbia tena baada ya ghasia za uchaguzi wa Desemba 2007. Mwaka wa 2014, nchi za Magharibi ziliwaonya raia wao wasizuru sehemu za Pwani kwa sababu ya mashambulizi ya kigaidi, na hoteli kadhaa zikafunga milango. Mwaka wa 2020 ugonjwa wa Korona ulifunga karibu zote kwa wakati mmoja.

Halafu kulikuwa na mgodi wa titani wa Kwale, ulioanza kusafirisha madini ng'ambo mwaka wa 2014. Huo nao ulimaliza kazi ya kuchimba mwishoni mwa 2024, na vijana waliokuwa wameajiriwa huko wakabaki kutafuta njia nyingine.

Katika miaka hiyo yote bahari haikufungwa hata siku moja. Haikuomba cheti cha shule, haikuuliza mtu anatoka kabila gani, wala haikumtaka ajue mkubwa wa kumwandikia barua. Kijana aliyefutwa hotelini aliweza kuomba nafasi kwenye chombo cha mjomba wake na jioni akapata fungu. Kwa familia nyingi za Pwani, bahari ndiyo bima pekee waliyo nayo. Ndiyo maana mtu hufikiri mara mbili kabla ya kuiacha, hata inapompa kidogo.

Wavuvi walipoulizwa wenyewe

Je, haya ni maneno tu, ama yamewahi kupimwa? Yamepimwa.

Watafiti Joshua Cinner, Tim Daw na Tim McClanahan waliwauliza wavuvi 141 wa Kenya swali la moja kwa moja: Kama samaki unaopata wangepungua kwa kiasi fulani, ungeendelea kuvua ama ungeacha? Matokeo yao yalichapishwa mwaka wa 2009.

Kama mtu angetarajia, kadiri upungufu uliotajwa ulivyokuwa mkubwa, ndivyo waliosema wangeacha walivyoongezeka. Jambo la kushangaza lilikuwa ni akina nani waliosema wangeacha. Walikuwa ni wale ambao nyumba zao zilikuwa na maisha bora kidogo, na ambao watu wa nyumba hizo walikuwa na kazi zaidi ya moja. Waliotoka katika nyumba maskini zaidi ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa wa kusema wangeendelea, hata kama samaki wangepungua vibaya.

Watu wengi wangefikiri kwamba anayefungwa baharini ni yule aliyetumia fedha nyingi kununua chombo na nyavu. Utafiti huo haukuona uhusiano wa nguvu hapo. Kilichokuwa na uzito ni hali ya nyumbani.

Mwaka wa 2012, Daw na wenzake walichapisha utafiti mkubwa zaidi. Safari hii waliulizwa wavuvi 599 katika sehemu 28 za nchi tano za magharibi mwa Bahari ya Hindi. Hapa tena, wavuvi waliotoka katika nyumba zenye shughuli nyingi za kujipatia riziki walikuwa tayari zaidi kuacha. Wale ambao samaki wao walikuwa na thamani ndogo pia walikuwa tayari zaidi kuacha kuliko wale waliokuwa wakipata vizuri.

Lakini kulikuwa na jambo lililowaduwaza wengi. Mtu angedhani kwamba mahali penye barabara nzuri, umeme na biashara iliyochangamka, wavuvi wangekuwa wepesi wa kuacha kwa kuwa kazi nyingine ziko karibu. Ilikuwa kinyume. Katika sehemu zilizoendelea zaidi, wavuvi walikuwa wazito zaidi kuacha.

Watafiti walitoa maelezo kadhaa. Huenda katika sehemu hizo waliotaka kuacha walikuwa wamekwisha kuacha zamani, na waliobaki ni wale walioshika uvuvi kama kazi yao hasa. Tena barabara iliyo nzuri huleta wanunuzi na bei nzuri, na vyombo bora hufika mahali ambapo samaki wangaliko. Kwa ufupi, lami peke yake haimtoi mvuvi baharini. Wakati mwingine humpa sababu ya kubaki.

Kazi ya pili ndani ya nyumba

Tukirudi kwenye ile nyumba yenye kazi zaidi ya moja, ni vyema tutazame ni nani anayeifanya kazi hiyo ya pili. Mara nyingi ni mwanamke.

Katika Pwani ya Kenya wako wanawake wanaoitwa mama karanga. Hawa huwangoja wavuvi ufuoni, wakanunua samaki wadogo ambao tajiri hawataki, wakawakaanga na kuwauza mtaani kwa bei ambayo jirani anaimudu. Mtaji wao ni mdogo: karai, mafuta, kuni na fedha za kununulia ndoo moja. Samaki wakipungua ufuoni, mama karanga ndiye wa kwanza kukosa, kwani mwenye gari na friza huhudumiwa kabla yake.

Hapa pana mtego. Nyumba ambayo mume ni mvuvi na mke ni mama karanga inaonekana kuwa na kazi mbili, lakini zote mbili hunywa maji ya kisima kimoja. Siku mtumbwi unaporudi mtupu, karai nalo hubaki kavu.

Nyumba inayoweza kupumua ni ile ambayo kazi ya pili haitegemei samaki. Katika Kibuyuni, kusini mwa Kwale, wanawake wamekuwa wakilima mwani na kuuuza. Kwingine ni minazi, mihogo, mbuzi, duka dogo, ushonaji, ama mtoto mmoja aliyesoma akaajiriwa. Kazi hizo hazimtajirishi mtu. Lakini siku bahari inapokataa, zinaiwezesha nyumba kungojea. Anayeweza kungojea anaweza pia kuchagua.

Ndiyo maana karo ya shule ni jambo zito katika nyumba ya mvuvi. Baba anayemtoa kijana wake shuleni ili akamsaidie kuvuta nyavu hupata fungu jingine leo. Lakini huyo kijana ndiye angekuwa ile kazi ya pili ambayo ingeiwezesha nyumba nzima kuchagua baada ya miaka kumi.

Marufuku peke yake

Serikali imejaribu kuyalinda makao ya samaki kwa njia ya sheria. Mwaka wa 2001 ilipiga marufuku juya, wavu mrefu unaokokotwa hadi ufuoni, pamoja na bunduki za kuchomea samaki. Sababu zilikuwa za haki. Juya hukwaruza matumbawe na nyasi za bahari, na huzoa samaki ambao hawajawahi kuzaa hata mara moja.

Lakini tujiulize, ni nani wanaovuta juya? Ni kundi la watu, wengi wao vijana, kila mmoja akishika kamba. Kijana asiye na mtumbwi, ndoana wala nyavu hukaribishwa kuvuta na kupewa fungu, ingawa ni fungu dogo kwa sababu ya wingi wa watu. Kwa hivyo juya ni wavu, na pia ni mahali pa kuajiriwa kwa asiye na chochote. Sheria ilipouharamisha wavu, haikumpa huyo kijana kamba nyingine ya kushika. Si ajabu basi kwamba katika baadhi ya sehemu juya liliendelea kuvutwa miaka mingi baada ya marufuku.

Mahali palipofaulu zaidi ni pale ambapo wavuvi wenyewe walishiriki katika uamuzi. Katika baadhi ya bandari za Diani, wavuvi wa malema na mishipi ndio waliosimama kidete dhidi ya juya. Kuruwitu, kaunti ya Kilifi, wakazi walitenga sehemu ya bahari yao katika miaka ya 2000 ili isivuliwe kabisa, wakaiita tengefu, na sehemu nyingine za Pwani zikaiga mfano huo. Tangu mwaka wa 2007 kanuni za nchi zimeruhusu kila bandari kuwa na kamati yake ya kusimamia ufuo, ile inayojulikana kama BMU, na sheria ya uvuvi ya mwaka wa 2016 imeitambua.

Faida ya kuilinda bahari si ndoto. Hifadhi ya bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka wa 1986, iliwanyima wavuvi sehemu kubwa ya maeneo yao ya zamani, na walilalamika kwa haki. Lakini utafiti wa McClanahan uliochapishwa mwaka wa 2010 ulionyesha kwamba baada ya miaka kupita, mvuvi aliyevua kando ya hifadhi alikuwa akipata kipato cha siku kinachozidi mara mbili kile cha aliyevua mahali pasipo na hifadhi wala kizuizi cha juya.

Maneno ya kuangalia hapo ni "baada ya miaka kupita." Bahari hudai ingojewe. Tumekwisha kuona kwamba kungojea ndiko kusikowezekana kwa nyumba ambayo unga wa leo hununuliwa leo. Ukimwambia maskini angoje miaka mitano bila kumwonyesha atakula nini katika miaka hiyo, umemwambia avunje sheria.

Lipi la kufanya?

Jambo la kwanza ni kupanga hatua kwa utaratibu unaofaa. Kazi ya pili inafaa kuanza kabla ya bahari kufungwa, mvuvi angali anavua. Mradi unaomtaka aache kila kitu leo ili aanze ufugaji wa kuku kesho utapata wafuasi wachache, na watakaojitokeza watakuwa wale wenye nafuu.

La pili ni deni. Chama cha akiba cha wavuvi na mama karanga, kinachoweza kumkopesha mwanachama fedha za nyavu na kumwacha auze samaki wake kwa bei nzuri, kinaweza kumrudishia zile Sh100 za kila siku tulizoziona katika mfano wetu. Anayeuza kilo chache kwa bei nzuri hana haja ya kuiparuza bahari kutafuta kilo nyingi.

La tatu linawahusu wale walio na ndugu Pwani. Wengi wetu mijini hutuma fedha nyumbani wakati wa msiba na wakati wa sikukuu. Fedha hizo hizo zikitumwa kulipia karo ama kuanzisha kibanda cha shangazi, zitamsaidia mjomba mwenye mtumbwi kuliko tunavyodhani, hata kama yeye mwenyewe hatashika hata senti moja.

Nanyi wanafunzi mnaosoma Uchumi na Jiografia, mkiulizwa kwa nini wavuvi hawaachi bahari inayokwisha, msiandike kwamba ni kwa sababu hawana elimu. Andikeni kwamba kuacha kazi kunahitaji akiba, na asiye na akiba hulazimika kuendelea na kazi aliyo nayo.

Wazee wa Pwani walikuwa na msemo wao kwa jambo hili: dau la mnyonge haliendi joshi. Chombo kidogo hakiwezi kwenda kinyume cha upepo, hata kama nahodha wake anaiona njia vizuri sana. Mvuvi anaiona. Anachohitaji ni tanga.